Mtoto Mteuzi Ugenini

Msomaji, mtoto mteuzi wa chakula akiwa kwao ni usumbufu wa nyumba moja. Akivuka mpaka, uteuzi wake huwa jambo la heshima ya watu wengi. Mwenyeji aliyekuandalia chakula hatazami njaa yako tu, bali hutazama pia kama unamhesabu kuwa mtu mwenzio. Lifikiri jambo hili kwa mfano wa Longech, ulimi wa mchanga katika Ziwa Turkana, mkabala wa Kalokol, nchini Kenya.

Huko nilimpeleka mpwa wangu kutoka Tanga, mtoto wa miaka 9. Alilelewa kwa wali wa nazi na samaki wa baharini, akaamini kwamba kisichotiwa nazi si chakula. Mama mwenyeji alitupakulia ugali na sato aliyechemshwa kwa maji na chumvi, basi. Mtoto alikitazama kichwa cha samaki, akaninong'oneza, "Mjomba, huyu ananuka tope." Watoto wa nyumba wakaacha kula, wakamkodolea macho. Unga ule ulikuwa umetoka Kitale, mwendo wa siku nzima na zaidi, kwa maana ardhi ile haina mvua ya kutegemewa.

Usidhani kuwa uteuzi ni maradhi ya watoto peke yao. Waturkana ni wafugaji, na kwa muda mrefu wengi wao walimwona samaki kuwa chakula cha mtu asiye na mifugo. Maziwa, nyama, na damu iliyotolewa katika mshipa wa shingo ya mnyama pasipo kumwua, hivyo ndivyo vilivyokuwa vyakula vya heshima. Njaa ya miaka ya 1960 na 1961 iliwasukuma wengi ziwani kutafuta riziki kwa nyavu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki pale Kalokol. Kilifanya kazi muda mfupi tu, kwa kuwa kupoza samaki katika joto lile kuligharimu kupita thamani ya samaki wenyewe. Ng'onda wa kukaushwa juani wakaendelea kuuzwa kama kwanza. Basi watu wazima walifundishwa na njaa, nami sikuona fahari kumkabidhi mtoto kwa mwalimu yule yule.

Sikumshurutisha, wala sikumwombea chakula kingine. Nilimwambia amshukuru mama, ale ugali wake, avumilie. (Wasafirio na biskuti sandukuni hununua utulivu wa siku moja kwa bei ya safari nzima.) Asubuhi ya pili watoto wenzake walimpa koma, tunda la mti ambao Waturkana huuita eng'ol. Tulipopita Kalokol aliuona mti huo akadhani ni mnazi uliokosa maji. Ganda la koma ni gumu, lina nyuzi, nalo lina utamu wa mbali. Alitafuna, akakunja uso, akatafuna tena.

Jioni alikwenda nao ufuoni kuvuta wavu, akarudi na sato wake mwenyewe na kidole kilichochomwa na miiba ya pezi. Mama alimchemsha vile vile, kwa maji na chumvi. Mtoto alikula ubavu mmoja, akauliza kama ule wa pili una mwenyewe. Kichwa hakukigusa mpaka tulipoondoka.