Masasi hadi Newala Wakati wa Mabibo

Ukitaka kuijua vizuri nchi ya Wamakonde, nenda mwezi wa Oktoba au Novemba. Miezi mingine utaiona mikorosho tu. Miezi hiyo miwili utainusa kabla hujaiona, kwa kuwa harufu ya mabibo yaliyoiva hukupokea ukiwa bado ndani ya basi, tamu na kali kidogo, kama ya nanasi lililolala usiku kucha jikoni.

Sisi tulianzia Masasi. Mji huu hauko juu ya uwanda wenyewe bali uko chini yake, upande wa magharibi, katikati ya majabali makubwa yanayosimama kila moja peke yake. Kwa Wakristo wa kusini ni mji wenye heshima. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, yule yule aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia kwa Kiswahili, aliwaleta hapa watu waliokuwa wamekombolewa utumwani ili waanze maisha mapya. Leo Kanisa Kuu la Waanglikana liko Mtandi, na jabali limesimama nyuma yake. Tulisali pale, kisha tukaanza safari ya kupanda kwenda Newala.

Newala iko ukingoni kabisa mwa uwanda. Wenyeji watakupeleka mahali panapoitwa Shimo la Mungu, ambapo ardhi imekatika ghafla na bonde limefunguka chini yako hadi Mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Jioni upepo huvuma na kina mama hujitanda kanga ya pili. Lakini mtalii anayesimama pale kupiga picha yafaa akumbuke jambo moja. Juu ya uwanda huu hakuna mito. Udongo wa kichanga hunywa mvua yote, maji hutokea chini mabondeni, na kwa miaka mingi wanawake wa Newala waliteremka kuta hizo na mitungi, wakapanda nayo kichwani. Tangu miaka ya 1950 mitambo imekuwa ikisukuma maji kuyapandisha, ila kiangazi bado ni kiangazi.

Basi katika kiangazi hicho hicho, mvua zikiwa bado kufika, mkorosho hutoa tunda ambalo zaidi ya robo tatu yake ni maji. Mtu akikuambia kwamba Wamakonde wanapenda mabibo kwa sababu ya pombe, mwambie kiu ilitangulia.

Mkorosho wenyewe ni mgeni. Wareno waliuleta pwani yetu kutoka Brazili katika karne ya 16. Korosho ni mbegu inayoning'inia chini ya bibo, na ndiyo inayopelekwa ghalani, ikapigwa mnada na kusafirishwa ng'ambo. Katika msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho, nyingi zikiwa za mikoa ya kusini. Sasa fikiri kwamba kila korosho ilikuwa na bibo lake, zito kuliko yenyewe mara kadhaa, na kwamba bibo likishaanguka halimalizi siku mbili kabla ya kuoza. Hakuna lori linaloweza kulibeba hadi Dar es Salaam likafika zima. Lazima liliwe, au likamuliwe pale pale chini ya mti.

Likikamuliwa, ndipo tunapokutana na uraka.

Mama mmoja aliyetukaribisha nyumbani kwake alituonyesha. Mabibo huokotwa asubuhi, korosho zikakonyolewa na kuwekwa pembeni, maana hizo ni fedha. Yaliyobaki hutwangwa kinuni, yakakamuliwa na kuchujwa kwa kitambaa safi. Mama huvaa kanga kuukuu kwa kazi hii, kwani doa la bibo halitoki kwa sabuni yoyote. Haongezi sukari wala hamira. Hamira imo tayari kwenye ganda la tunda. Akiyaweka maji yale kwenye ndoo au mtungi na kuufunika, kufika jioni yameanza kutoa povu.

Tulikuwa wanne katika safari hii. Wawili wetu hawanywi kileo cha aina yoyote na walipewa maji mabichi ya mabibo. Wawili walionja uraka, na maelezo haya ni yao.

Rangi yake ni nyeupe yenye ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele, na ina unjano kidogo. Harufu hutangulia ulimi. Uraka wa siku ya kwanza una utamu wa tunda na unachangamka mdomoni. Wa siku ya pili ni kitu kingine: utamu umekwisha, uchachu umesimama, na baada ya kumeza unabaki ukakasi unaokaza ulimi na mashavu, kama uliyetafuna ndizi mbichi. Wageni wengi hukunja uso. Wenyeji wanasema ukakasi ndio uraka wenyewe, na ukiuondoa umebaki na maji ya matunda. Tunaelekea kukubaliana nao.

Kuna jambo linalowashangaza watu wanaodhani vinywaji vya kijijini havina hesabu. Mwaka 1906, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, mtaalamu wao wa mila Karl Weule kutoka makumbusho ya Leipzig alikaa Masasi na Newala akichunguza maisha ya watu, na kitabu chake kikatoka mwaka 1908. Kwao Ujerumani wanaithamini sana divai nyeupe ya zabibu ziitwazo Riesling, jina lililoandikwa huko tangu mwaka 1435. Iliyo kavu huiita "trocken", yaani kavu tu. Ukavu huo hauna siri: hamira imeila karibu sukari yote, na kilichobaki ni uchachu na harufu ya tunda. Ndiyo kazi inayofanyika ndani ya mtungi wa Newala kati ya siku ya kwanza na ya pili. Wanaopenda divai ile huipendea mambo hayo hayo anayoyatafuta mzee wa Newala aliyeketi chini ya mkorosho na kopo lake: isiwe na utamu wa kuchosha, ikate kiu, iache kitu mdomoni.

Tofauti ni umri. Riesling nzuri hufungwa kwenye chupa na inaweza kukaa miaka mingi ikizidi kupendeza. Uraka haungoji hata kesho kutwa. Siku ya tatu umekuwa siki. Na jina lake limesafiri pia: huko Goa, India, ambako Wareno vile vile walipeleka mkorosho, pombe ya mabibo huitwa urrak, ila wao huichemsha na kukusanya mvuke wake. Wetu hauchemshwi.

Au tuseme, haukupaswa kuchemshwa. Kwa kuwa uraka haukai, wapo wanaouchemsha upate kuwa gongo, ambayo sheria ya mwaka 1966 iliipiga marufuku. Mabibo mengine hukaushwa juani, yakaitwa kochoko, ili gongo ipikwe hata msimu ukiisha. Hapo ndipo kinywaji cha wiki chache kinapogeuka kuwa cha mwaka mzima. Gongo haina kipimo. Anayeinunua hajui nguvu yake wala kilichomo. Tena huja wakati ule ule malipo ya korosho yanapoingia nyumbani. Mwenyeji wetu alituambia bila kuzunguka: "Uraka mume wangu anakunywa hapa uani, ninamwona. Gongo anaifuata kilabuni, na fedha za sare za watoto anakwenda nazo."

Yeye mwenyewe ni mama wa kanisa, na huuza uraka. Tulimwuliza analionaje jambo hilo. Alisema kwamba korosho huandikwa kwa jina la mumewe na malipo yake humfikia mumewe, lakini bibo hakuna anayemwuliza. Ndoo mbili kwa siku katika msimu zimemlipia daftari, viatu na dawa. Hatukuwa na jibu jepesi la kumpa, na hatukujaribu. Tulichomwomba ni kwamba watoto wasipewe ule wa siku ya kwanza kwa sababu tu bado ni mtamu, maana kileo kimo tayari, na vivyo hivyo kina mama wajawazito. Alicheka akasema hilo bibi yake alimfundisha kabla yetu.

Ipo njia nyingine, na baadhi ya vikundi vya kina mama kusini wameishika. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, karibu na Mtwara, kimewafundisha wanawake kutengeneza juisi, jamu na hata divai ya mabibo. Kwa juisi kazi kubwa ni kupunguza ukakasi: mabibo huwekwa kwenye mvuke dakika chache kabla ya kukamuliwa, au maji yake hutiwa uji mwepesi wa wanga, ambao huushika ukakasi na kuuzamisha chini, kisha huchujwa na kuchemshwa. Bibo lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, ijapokuwa kuchemsha hupunguza kiasi chake. Ugumu ni chupa, kuni na soko. Uraka hauhitaji chochote kati ya hivyo.

Tulipoaga asubuhi, mwenyeji wetu alikuwa akiumimina uraka wa juzi kwenye mtungi mdogo uliokaa nyuma ya mlango. Ni siki yake ya kachumbari. Alitufungia chupa moja kwa kizibo cha gunzi, akatuambia tuishike wima hadi Masasi.