Usitie Sahihi Bado

Barua ilifika Jumatatu: kurasa 14 za Kiingereza, na mkutano wa shule ni Alhamisi. Jirani yangu alinigongea mlango akiwa ameishika kwa ncha za vidole kama hati ya polisi.

"Dada, miye sikusoma. Nitaenda kusema nini mbele ya walimu?"

Ni mtu wa Fizi, kaishi miaka mingi kambini Nyarugusu kabla ya kufika hapa Ohio. Mwanawe ana miaka 8, na shuleni hatamki neno.

Nikamwambia jambo ambalo huwa sisemi. Miaka 6 iliyopita mimi, na diploma yangu ya Dar, nilikaa kwenye meza kama hiyo kwa ajili ya binti yangu. Walitabasamu, nikatabasamu, nikatia sahihi. Baadaye ndipo nikagundua nimekubali dakika 30 za mtaalamu wa kuongea kwa mwezi. Kwa mwezi! Mwaka mzima ukapita hivyo. Hakuna aliyenidanganya. Sikuuliza tu.

Basi tukakesha jikoni kwake siku mbili. Sheria ya Marekani ya elimu maalumu, IDEA, ambayo ilianza mwaka 1975 kwa jina jingine, inamhesabu mzazi kuwa mmoja wa timu inayoandika mpango wa mtoto. Si mgeni mwalikwa. Mkalimani analetwa na shule, tena bila malipo. Mzazi anaruhusiwa kuja na mtu anayemfahamu mtoto. Na huduma hazianzi kwa mara ya kwanza mpaka yeye akubali kwa maandishi.

"Hata miye?"

"Hata wewe, dada."

Nikamwomba anieleze mtoto alivyo nyumbani, mimi niandike. Anapanga viatu vya nyumba nzima kwa ukubwa. King'ora cha moto kikilia anaingia chini ya kitanda. Usiku anamwimbia mdogo wake kwa Kibembe.

Kalamu ikasimama. "Anaimba?"

"Kila siku."

Nikafungua ukurasa wa tatu, nikamsomea: mtoto hana lugha. Akacheka, cheko lisilo na furaha. "Hana lugha yao."

Alhamisi nilikaa pembeni yake, kimya. Walipomaliza kusoma, mtu mmoja akasogeza kalamu mbele yake. Hakuigusa.

"Mulimupima na luga gani?"

Mkalimani akatafsiri. Watu sita wakatazamana. Sheria hiyohiyo inataka mtoto apimwe kwa lugha yake, labda iwe haiwezekani kabisa. Mmoja akaanza kufunua makaratasi, akafunua tena, kisha akasema: Kiingereza.

Mpango haukusainiwa siku ile. Atapimwa upya, akiwepo mtu wa Kibembe, ndipo warudi mezani. Matokeo yatakuwaje sijui. Pengine atahitaji msaada uleule waliousema, pengine zaidi.

Garini alinyamaza mpaka taa nyekundu ya kwanza.

"Dada, na wako? Ulirudi ukauliza?"

"Nilirudi," nikasema. "Nimechelewa mwaka mmoja, lakini nilirudi."