Kila jina la muziki lina mtaa wake

Katika nyumba nyingi za mjini, Jumamosi jioni mzozo huwa ni uleule. Kijana amefungulia muziki chumbani mwake, vioo vya madirisha vinatetemeka, na baba anauliza mbona wimbo mmoja unapigwa tangu saa nane. Kijana anashangaa. Wimbo mmoja? Ule wa kwanza ulikuwa hausi, wa pili tekno, na huu unaopigwa sasa ni asidi, ambao ni mtoto wa hausi! Baba anatikisa kichwa. Kwake yeye yote ni dum-dum-dum, na anayeyatofautisha hana kazi ya kufanya.

Anayetaka kujua ni nani mwenye haki kati ya hao wawili hana budi kufunga safari hadi Marekani, kwenye miji miwili iliyo umbali wa kilomita 450 hivi: Chicago na Detroit. Mengi ya majina haya yalizaliwa huko. La ajabu ni kwamba hayakubuniwa na maprofesa wala wataalamu wa muziki. Moja lilitoka kwenye mlango wa klabu na rafu ya duka, jingine kwenye ubishi wa dakika za mwisho kabla ya santuri kutolewa. Na ukiyafuata majina hayo hadi mtaani kwao, utakutana na watu ambao dunia ilicheza muziki wao kwa miaka mingi bila kuwajua.

Ghala la mtaa wa Jefferson

Ukishuka garimoshi katika Union Station, stesheni kubwa ya Chicago, elekea magharibi. Baada ya mwendo wa dakika chache utafika mtaa wa Jefferson. Nambari 206 South Jefferson ni jengo la kawaida la kiwanda cha zamani, na mpita njia asiyejua historia yake hana sababu ya kuligeukia mara mbili. Hapo ndipo Robert Williams alipofungua klabu mwaka 1977. Kwa kuwa jengo lilifanana na ghala, wateja waliliita Warehouse, yaani ghala, na jina likashika.

Williams alihitaji mtu wa kucheza santuri. Alimtaka kwanza Larry Levan wa New York, lakini Levan akakataa kuhama. Kazi ikamwendea rafiki yake Levan wa tangu ujana, Frankie Knuckles, aliyekuwa na umri wa miaka 22. Waliojaa humo usiku wa Jumamosi hadi Jumapili asubuhi walikuwa hasa vijana Weusi na wenye asili ya Kilatino, wengi wao mashoga, watu waliokuwa wakifungiwa milango kwingineko mjini. Knuckles aliwachezea disko, nyimbo za roho na muziki wa Ulaya. Wimbo uliowapendeza sana aliurefusha kwa kukata na kuunga utepe, akarudia sehemu ya ngoma hadi watu wakaloa jasho.

Sasa tuje kwenye jina. Inasimuliwa kwamba wacheza dansi walipotoka humo waliingia katika duka la santuri lililoitwa Importes Etc na kuuliza nyimbo walizosikia kwa Knuckles. Wauzaji wakachoka kujibu maswali yaleyale. Wakabandika vibandiko kwenye masanduku kueleza kwamba santuri hizi ni zile zinazosikika Warehouse. Baadaye kibandiko kikafupishwa, likabaki nusu ya pili ya jina: hausi. Kwa hiyo mwanzoni hausi haikuwa aina ya mdundo. Ilikuwa njia ya muuza duka ya kumwelekeza mteja kwenye sanduku.

Huko New York, naye Levan alikuwa na makao yake katika nambari 84 mtaa wa King, ndani ya jengo lililokuwa la kuegeshea magari. Klabu hiyo, Paradise Garage, ilidumu hadi mwaka 1987, na muziki wake wenye waimbaji wa sauti nzito za kanisani ukaitwa gereji. Marafiki wawili, majengo mawili, majina mawili ya muziki.

Usiku wa santuri kulipuliwa

Kusini mwa jiji hilohilo la Chicago palikuwa na uwanja wa besiboli wa Comiskey Park. Tarehe 12 Julai 1979 timu ya White Sox ilikuwa icheze michezo miwili dhidi ya Detroit Tigers. Mtangazaji mmoja wa redio aliyeichukia disko aliwaalika watu waje na santuri za disko, walipe senti 98 tu mlangoni, na santuri hizo zilipuliwe kati ya mchezo wa kwanza na wa pili. Watu wapatao 50,000 walijitokeza. Baada ya mlipuko maelfu walivamia uwanja, nyasi zikaungua, na mchezo wa pili ukafutwa, ushindi wakapewa wageni.

Miongoni mwa wafanyakazi waliokuwa wakiwaonyesha watu viti usiku huo alikuwemo kijana Mweusi aitwaye Vince Lawrence. Ameeleza mara nyingi kwamba santuri nyingi alizoziona zikiletwa hazikuwa disko hata kidogo. Zilikuwa tu za waimbaji Weusi. Hapa ndipo mtu anapoelewa kwamba kuainisha muziki si mchezo wa vijana wasio na kazi. Kwa umati ule, jina moja lilitosha kuwafunika watu wa kila namna, kisha likatiwa moto.

Kampuni kubwa ziliiacha disko, nazo santuri mpya zikaadimika. Vijana wa Chicago wakaamua kujitengenezea. Vinanda vya umeme na mashine za ngoma za kampuni ya Roland ya Japani zilikuwa zikipatikana kwa bei nafuu katika maduka ya vitu vilivyotumika. Mwaka 1984 Jesse Saunders, akishirikiana na huyohuyo Vince Lawrence, alitoa "On and On", ambayo wengi huihesabu kuwa santuri ya kwanza ya hausi. Aliyeshuhudia mazishi ya disko alisaidia kumzalisha mtoto wake.

Mtoto huyo naye hakukawia kupata watoto. Roland walikuwa wametengeneza kifaa kidogo cha fedha, TB-303, kimsaidie mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake kupata sauti ya besi. Hakikufanana na besi hata kidogo, na kufikia mwaka 1984 kiliacha kutengenezwa. Vijana watatu wa Chicago waliojiita Phuture walikipata kikiwa kimetumika, wakazungusha vifundo vyake ovyo, nacho kikatoa sauti ya kukwaruza na kulialia. Inasimuliwa kwamba Ron Hardy alipoicheza kanda yao katika klabu ya Music Box, watu walikimbia uwanja wa dansi. Akairudia mara ya pili, ya tatu na ya nne, na ile ya nne wakapagawa. Ilitoka kwenye santuri mwaka 1987 kwa jina "Acid Tracks", na tawi lote likaitwa asidi. Kwa hiyo yule kijana wetu alisema kweli: ni mtoto wa hausi, na alizaliwa na chombo kilichoshindwa kazi yake.

Barabara moja, makumbusho mawili

Garimoshi liitwalo Wolverine hutoka Chicago hadi Detroit kwa zaidi ya saa tano, likipitia Kalamazoo, Ann Arbor na Dearborn, nyumbani kwa magari ya Ford. Barabara ya kati ya miji hii Derrick May aliijua vizuri, kwa kuwa mamake alikuwa amehamia Chicago. Alikwenda huko kumsikiliza Knuckles, na akamuuzia mashine ya ngoma aina ya TR-909. Ngoma za Detroit na za Chicago, basi, ni ndugu.

Lakini ndugu hawafanani kila kitu. Detroit ilikuwa na wakazi wapatao 1,850,000 mwaka 1950. Mwaka 2020 walikuwa chini ya 640,000. Viwanda vya magari vilifungwa au kuhama, na mikono ya watu ikaachia nafasi mikono ya mashine. Ukishuka kwenye stesheni ya barabara ya Woodward, Grand Boulevard iko karibu sana. Ukiifuata upande wa magharibi utafika nambari 2648, nyumba ndogo ambamo Motown ilirekodi nyimbo zake kabla ya kuhamia Los Angeles mwaka 1972. Ukiifuata upande wa mashariki hadi nambari 3000 utakuta jengo la Submerge, lenye makumbusho madogo ya tekno. Huko huwezi kuingia ovyo. Hutembelewa kwa miadi.

Waanzilishi wa tekno, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walisoma pamoja katika mji mdogo wa Belleville, nje ya Detroit. Mwalimu wao mkubwa alikuwa mtangazaji wa usiku aliyejiita Electrifying Mojo, mtu ambaye hakupenda uso wake uonekane. Mojo hakutambua mipaka yoyote ya mitindo. Alicheza Prince, kisha Parliament, kisha Kraftwerk, Wajerumani wa Düsseldorf waliotengeneza nyimbo kwa mashine tupu. Msomaji atatabasamu hapa: mtindo wenye jina linalopiganiwa sana ulilelewa na mtu aliyekataa kutenganisha mitindo.

Jina lenyewe lilikaribia kupotea. Mwaka 1988 Mwingereza Neil Rushton alikusanya nyimbo za Detroit zitolewe London, na mkusanyiko ulikuwa karibu kutoka kama hausi ya Detroit. Atkins alileta wimbo wake ulioitwa "Techno Music" na kusisitiza kwamba hivyo ndivyo wao walivyouita muziki wao. Jalada likabadilishwa. Bila hivyo, huenda leo tekno ingekuwa tawi dogo la hausi katika kila duka la muziki duniani.

Sikio na saa ya mkono

Mzazi anayetaka kujaribu achukue saa ya mkono. Hesabu mapigo ya ngoma kubwa kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa nne. Hausi nyingi zitakupa kati ya 120 na 130 kwa dakika, kila pigo likikanyaga sawasawa, na juu yake mara nyingi kinanda na sauti ya mwimbaji. Tekno hukanyaga vivyo hivyo lakini huweza kwenda mbio zaidi, na aghalabu haina mwimbaji. Mashine ndizo zinazozungumza. Ukikuta mapigo kati ya 160 na 180 yaliyovunjwavunjwa, besi ikinguruma chini yake, huo ni mtindo wa Uingereza unaoitwa kwa vyombo vyake, yaani ngoma na besi.

Hata hivyo, saa pekee haitoshi. Gereji ya London ya miaka ya 1990 ilitokana na ile ya New York, lakini Waingereza waliiongeza kasi na baadhi yao wakaondoa baadhi ya mapigo ya ngoma, hata leo ukisema gereji watu wawili wanaweza kufikiria vitu viwili tofauti. Jina linaposafiri hubadilika maana, na huweza kumwacha mwenyewe nyumbani. Katika miaka ya 2010 wafanyabiashara wa tamasha kubwa za Marekani waliziweka aina zote hizi chini ya herufi tatu, EDM, na vijana wengi wakadhani muziki huu ulitoka Ulaya.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Miji yenyewe imeanza kulipa deni. Tangu mwaka 2000 Detroit imekuwa na tamasha ya muziki huu mwezi wa Mei katika uwanja wa Hart Plaza, ukingoni mwa mto. Chicago ilikipa kipande cha mtaa wa Jefferson jina la heshima la Frankie Knuckles mwaka 2004, miaka kumi kabla ya kifo chake. Na mwezi wa Juni 2023, baada ya wapenzi wa muziki kuhofia kwamba jengo la Warehouse lingeuzwa na kubomolewa, baraza la jiji lililitangaza kuwa jengo la kihistoria linalolindwa na sheria.

Jambo hili haliko mbali nasi kama tunavyodhani. Dar es Salaam, katika mitaa kama Manzese na Tandale, vijana wamezaa singeli, muziki wa kompyuta unaokwenda kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, wenye damu ya mchiriku na taarab. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko kutoka studio ya Sisso, na dunia ikaanza kuisikiliza. Muuza muziki wa Berlin ataiweka kwenye rafu gani? Akiitupa chini ya tekno ya kasi, Manzese itapotea kama Warehouse ilivyotaka kupotea.

Basi kijana unayepanga nyimbo zako kwenye simu, endelea kuzitenganisha, wala usione haya. Ila kando ya jina la mtindo andika na mengine matatu: ulitoka mtaa gani, mwaka gani, na ni nani aliyeupiga kwanza. Na mzee akikuuliza tena mbona ni wimbo mmoja tangu saa nane, mwonyeshe orodha hiyo.