Tua Polepole: Wikiendi ya Wawili Mitoni Nyandarua

Mimi ni mtoto wa Tanga. Ukinitajia kuvua, picha inayonijia ni mjomba wangu kwenye ngalawa: mshipi wa nailoni mkononi, ndoana, kipande cha ngisi, na chubwi ya risasi ya kuzamisha vyote hadi chini. Bila chubwi hakuna uvuvi. Ndiyo maana mume wangu aliponiambia tunatoka Nairobi kwenda milimani kuvua kwa nzi wa bandia, wa manyoya na uzi, nilicheka.

"Sasa huyo nzi ataendaje majini? Hata njugu inamzidi uzito!"

"Utaona, bibie," akanijibu.

Ukweli, msomaji wangu, sikuwa na hamu ya kuona kitu. Kwenye mkoba nilikuwa na barua ya wiki mbili. Kampuni moja ya Dar inaniita kazini, cheo kizuri, na jibu linatakiwa Jumatatu. Kazi ya mwenzangu iko Nairobi. Mara mbili nilikuwa nimeanzisha habari za kurudi nyumbani, na mara zote mbili mmoja wetu aliishia kulala sebuleni. Habari za barua alikuwa hazijui kabisa.

Juu kwenye baridi

Kutoka Nairobi hadi Nyeri ni kama kilomita 150 za lami. Hapo unapanda kuelekea geti la Kiandongoro la Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, milima ambayo wenyeji wanaiita Nyandarua. Mashamba yanaisha, unaingia msitu, kisha mianzi, halafu ghafla uko kwenye uwanda wa nyasi wenye baridi kali, karibu mita 3,000 juu ya bahari. Mito Chania, Magura na Gura inapita huko, maji maangavu kama kioo. Huko pia kuna maporomoko ya Karuru, yanayoshuka mita 273.

Samaki tuliowafuata, trauti, si wenyeji. Mwaka 1905 mlowezi Mwingereza, Ewart Grogan, aliagiza trauti kutoka Loch Leven, Scotland, wakamwagwa kwenye mto Gura. Walipenda baridi ya huku, wakazaana.

Muongozaji wetu alikuwa mzee wa Nyeri anayefunga nzi wake mwenyewe. Hiyo ni kazi kamili Kenya: nzi wengi wanaofungwa kwa mkono hapa wanauzwa Ulaya na Marekani. Nilimwamkia "Shikamoo," akacheka kidogo, "Marahaba, mama." Kisha akashika mshipi alionunua mume wangu, akaupima kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Hii ni kamba ya kufungia ng'ombe."

Uzito uko wapi?

Basi nikapata jibu la swali langu. Kwenye uvuvi huu chubwi haipo, mshipi wenyewe ndio wenye uzito. Unaporusha fimbo unarusha mshipi, na nzi anafuata tu. Mishipi inapewa namba kwa uzito wa mita 9 za mwanzo. Mume wangu, kama wanaume wengi dukani, alichukua namba 7 akidhani kubwa ndiyo imara. Hiyo ni kama gramu 12. Namba 3 ni kama gramu 6.5 tu. Kwa mto mwembamba uliotulia, na nzi anayeelea juu ya maji, namba 3 au 4 inatosha, mradi na fimbo iwe ya namba hiyohiyo. Mzee alituazima zake.

Akatuonyesha pia umbo lake. Ncha ya mbele inapungua unene taratibu, nguvu ya kurusha inaisha njiani, na mshipi unatua kama jani. Wake ulikuwa mwembamba pande zote mbili, kwa hiyo upande mmoja ukichakaa unaugeuza. Ujanja wa kuokoa pesa!

Mbele ya mshipi kuna lida, uzi mwangavu unaoufunga kwa nzi. Huanza mnene, kama nusu milimita, halafu unakonda hadi nchani. Ncha hupimwa kwa X, na X ikiwa kubwa uzi ni mwembamba: 4X ni milimita 0.18, 5X ni 0.15, 6X ni 0.13. Mzee ana hesabu yake: gawa namba ya ndoana kwa 3. Nzi wa namba 16 anataka 5X. Ukizidisha wembamba kwa nzi mkubwa, uzi unajisokota. Urefu wa kawaida ni mita 2.7, kwenye bwawa tulivu na wazi ongeza hadi 3.7, chini ya matawi punguza hadi 2.3, la sivyo utavua miti. Na chagua nailoni. Uzi wa fluorokaboni ni mzito zaidi na huzama, utamvuta nzi wako chini.

"Loanisha fundo kwa mate kabla ya kukaza," akaniambia. "Ukikaza kavu linapata moto, uzi unakosa nguvu."

Nilirusha nikashindwa. Kila mara maji yalipiga chwaa! na vivuli vya samaki vikapotea chini ya mawe.

"Mama, samaki hamwogopi nzi," akasema mzee. "Anaogopa kile kinachotua pamoja naye. Usilenge maji. Lenga hewani, mita moja juu yake, halafu uache ushuke wenyewe."

Nikalenga hewani. Lida ikanyooka, ikashuka bila sauti, nzi akaelea na mkondo. Na usiuvute, mzee alikuwa ameshaonya; nzi wa kweli havuti kamba. Nikasubiri. Mdomo mdogo ukafunguka juu ya maji.

Alikuwa trauti wa kiganja na nusu, mwenye madoa mekundu. Nilimrudisha mtoni. Mume wangu alishangilia kuliko mimi.

Usiku ule

Tulilala kwenye nyumba za Fishing Lodge, moto ukiwaka. Siku zote nilikuwa nikimwendea mwenzangu na chubwi: "Wewe hujali", "Mimi nimechoka na mji wenu". Safari hii nilisema kidogo tu: "Nimeitwa kazini Dar. Sijajibu. Nataka kujua unaonaje."

Akanyamaza muda mrefu. Nilitamani kuongeza neno, nikajizuia.

"Barua iko wapi?" akauliza.

Akaisoma mara mbili. Akauliza mshahara, akauliza ningekaa kwa nani, akauliza kwa nini nilificha. Hilo la mwisho liliniuma, na nikaomba radhi. Hatukupata jibu usiku ule, ila hakuna aliyelala peke yake. Jumatatu nilipiga simu Dar kuomba wiki moja zaidi. Wakanipa.

Mkitaka kwenda: beba sweta nene na koti la mvua, nenda na gari la 4x4, na kabla ya safari uliza Kenya Wildlife Service kuhusu ada, malazi na kibali cha kuvua. Usitembee mtoni bila askari wa hifadhi, kuna nyati na tembo. Na kama mna jambo zito la kuongea, vueni kwanza.