Waliokwangua Mfereji



Mwezi Septemba mwaka 2023 tulikuwa mapadre watatu safarini kusini mwa Ufaransa, tukizuru mabaki ya Warumi wa kale. Tulikodi gari lenye vitanda, jiko na tangi la maji la lita 100 hivi, nalo likawa nyumba yetu kwa siku nane.

Aishiye garini hujifunza upesi thamani ya maji. Lita 100 kwa watu watatu, wapike, waoge na kuosha vyombo, si nyingi. Kila baada ya siku mbili tulitafuta kituo cha magari ya namna hiyo, tukamwaga maji machafu na kujaza masafi. Hakuna aliyeipenda kazi hiyo. Tuliifanya kwa zamu.

Ndipo tulipofika Pont du Gard. Daraja hili lilijengwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo ili kuvusha maji juu ya mto Gardon. Lina safu tatu za matao, na kimo chake ni karibu mita 49. Mawe ya safu mbili za chini yamepangwa bila saruji wala chokaa ya kuyaunganisha. Hata hivyo, daraja ni kipande tu cha mfereji wa kilomita 50 hivi, uliotoka chemchemi za karibu na Uzès hadi mji wa Nîmes. Katika mwendo huo wote mfereji washuka chini ya mita 20! Huko Nîmes tuliliona birika la mviringo lililopokea maji hayo na kuyagawa mjini kwa mabomba.

Je, ni nini kilichoukausha mfereji huo? Matao hayakuanguka. Maji ya chemchemi zile yana chokaa, nayo hujishikiza kwenye kuta kama ule utando mweupe ndani ya birika la chai. Kwa vizazi kadhaa walikuwapo watu walioingia mferejini na kuikwangua. Tangu karne ya nne kazi hiyo ilizidi kupuuzwa. Utando ukawa mnene, mahali pengine ukikaribia nusu mita. Maji yakapungua mwaka hadi mwaka, na hatimaye mfereji ukaachwa. Daraja lenyewe lilinusurika kwa kuwa watu waliendelea kulitumia kuvukia mto, na kwa hiyo wakalitunza.

Wapendwa, sisi sote huwasifu wajenzi. Wakwanguaji hatuwakumbuki, majina yao hatukuyaona kwenye jiwe lolote. Lakini mji ulikunywa maji kwa jasho lao.

Wahenga walituonya juu ya ufa usiozibwa. Mfereji huu watuonya juu ya utando usiokwanguliwa. Ndoa nyingi na udugu mwingi haviangushwi na tufani. Msamaha usioombwa leo, salamu isiyotolewa kesho, deni dogo lisilotajwa tena: kila kimoja ni chembe ya chokaa. Kwa nje matao yangali yamesimama, na majirani wayasifu, kumbe ndani hapapiti tena hata tone.

Basi juma hili tusijenge jambo jipya. Kila mmoja wetu autafute mfereji mmoja ulioanza kuziba, aingie ndani, akwangue.