Swala wa Saanane

Huku Kagongwa wazee husimulia kwa kicheko jinsi ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Idi Amin mwezi Machi 1979, ilivyokusudia kulipua ghala la mafuta mjini Mwanza, ikaishia kuua swala kisiwani Saanane. Mimi sicheki. Je, bomu lile lingeangukia Kirumba, kwa shangazi yako? Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulilaani kuangamiza miji pamoja na wakazi wake. Kupiga mafuta ya vita si sawa na hilo, nakubali; lakini mrushaji awahesabu kwanza wanaolala kando ya ghala. Na kipimo hicho kitupime na sisi, kwani siku chache baadaye ndege zetu zilipiga maghala ya mafuta Kampala na Jinja, nako watu walikuwa wakiishi jirani.