Mstari wa Pili kwenye Ankara

Miaka sita niliyopanga ghorofa huku Hervanta, kusini mwa mji wa Tampere, sikuwahi kuiona ankara ya maji. Ilikuwa imemezwa na kodi ya nyumba. Tulipohamia nyumba yenye dira yake ndipo karatasi ikaja, nami nikaikagua kama mtoto wa Ndembezi, mtaa wetu wa Shinyanga, anavyokagua kila kitu chenye bei. Mistari miwili. Wa kwanza maji. Wa pili maji taka, na huo wa pili ulikuwa mnene kuliko wa kwanza.

Nilidhani nimesoma vibaya, maana Kifini changu bado kinachechemea. Mwenzangu wa kazini, Mfini, akaniambia nimesoma sawasawa. Dira ni moja tu. Kinachoingia ndani ndicho kinachohesabiwa kuwa kitatoka, na kukitoa kuna gharama kubwa kuliko kukileta. Alishangaa mimi ninashangaa nini.

Jioni nikampigia mama Shinyanga.

"Yaani huko mnalipia mavi?"

"Ndiyo, mama."

"Kuliko maji?"

"Kuliko maji."

Alicheka mpaka akakohoa, akamwita jirani aje naye asikie.

Simlaumu. Kwetu habari ya maji ni habari ya kuyaleta. Nimekulia kwenye madumu. Bwawa la Ning'hwa lilikuwepo, lakini bomba la mtaani lilikuwa na siku zake, na siku hizo lilizijua lenyewe. Tuliteka kwenye visima vya maji ya chumvi, na kiangazi kikikaza akina mama walifukua mchanga wa mto Mhumbu mpaka wapate kidimbwi cha kuchotea kwa kikombe. Mwenye baiskeli alifunga madumu manne, akawa tajiri wa mtaa. Kuna rika zima la watu wa Shinyanga ambao ukiwaona wakicheka unawatambua kwa meno: madini ya floridi ardhini yaliyapaka rangi ya kahawia tangu utotoni, na mswaki haukufua dafu.

Kisha likaja bomba la ziwa. Watu wa nje ya Kanda ya Ziwa hawajui uzito wa jambo lile. Mkataba wa mwaka 1929 kati ya Misri na Waingereza uliipa Misri sauti juu ya maji ya Nile, na Ziwa Viktoria ndilo jicho la Nile. Nyerere alikwisha kusema tangu mwanzoni mwa uhuru kwamba Tanganyika haifungwi na ahadi za mkoloni, lakini kusema ni jambo moja na kuchimba mtaro ni jingine. Edward Lowassa, akiwa Waziri wa Maji na Maendeleo ya Mifugo, aliusukuma mradi huku Misri ikinung'unika, na serikali ikaujenga kwa fedha za ndani. Rais Kikwete akauzindua mwaka 2009. Maji yanavutwa Ihelele, wilaya ya Misungwi, yanasafishwa hapo hapo, yanapandishwa kilima cha Mabale, halafu yanateremka yenyewe kuja Shinyanga na Kahama. Uwezo wa mtambo ulikuwa lita milioni 80 kwa siku. Baadaye mkono wa bomba ukanyooshwa mpaka Nzega, Igunga na Tabora.

Yalipofika mtaani kwetu, bibi yangu aliyaonja akatema. "Hayana ladha," akasema. Alikuwa amezoea chumvi ya kisima maisha yake yote, na maji matamu aliyaona ya baridi mdomoni.

Bomba lile ninajivunia mpaka leo, na Wafini wakinisimulia lao nawajibu kwa langu. Wao wana handaki la Päijänne. Lina urefu wa kilomita 120, limetobolewa kwenye mwamba kuanzia 1972 hadi 1982, linapeleka maji ya ziwa Helsinki na miji jirani. Sisi tuna umeme wa kulipia pampu za Ihelele, wao ziwa lao liko juu ya mji, kwa hiyo maji yanajiendea. Lakini wazo ni lile lile: ziwa liko mbali, watu wana kiu, serikali inaamua. Kwa habari ya kuleta maji hatujapitwa kama tunavyodhani.

Tumepitwa kwenye mstari wa pili.

Huo mstari Wafini nao hawakuzaliwa nao. Tampere ni mji wa viwanda uliojibana kati ya maziwa mawili, Näsijärvi juu na Pyhäjärvi chini, na maporomoko ya Tammerkoski katikati. Walivuta bomba mapema, wakalifurahia kama sisi, na maji yao machafu wakayarudisha majini. Maji ya kunywa hayakuwa yakisafishwa. Mwaka 1915 na 1916 homa ya matumbo iliingia mji huu ikaua watu wanaokaribia 300. Mwaka 1917 wakaanza kutia klorini. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka jinsi tunavyosema kwetu kipindupindu kikiingia: ni mvua, ni maembe, ni wageni. Ni kila kitu isipokuwa choo.

Na hata sasa hawako salama kiasi cha kututolea somo. Novemba 2007, katika mji wa Nokia, hatua chache tu kutoka hapa, vali iliyounganisha bomba la maji ya kunywa na bomba la maji yaliyotoka mtambo wa maji taka ilifunguliwa. Lita kama 450,000 za maji taka yaliyochujwa zikaingia kwenye mabomba ya nyumba za watu. Maelfu waliugua matumbo. Wafini, wenye maziwa wasiyoyahesabu, wakapanga foleni ya maji na vyombo mkononi. Mzee mmoja wa huko aliponisimulia, nilitaka kumwonyesha namna ya kubeba dumu begani bila kulowa, nikajizuia.

Sasa turudi Ndembezi. Maji yakiongezeka, maji machafu yanaongezeka kwa kipimo kile kile, hakuna muujiza hapo. Familia iliyokuwa ikitumia madumu matatu kwa siku ikipata bomba uani inafua zaidi, inaoga zaidi, inajenga choo cha kumwaga maji. Yote yanakwenda shimoni. Mtaani kwetu hakuna bomba la maji taka. Kuna mashimo. Na ardhi yetu kwa sehemu kubwa ni mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Ukijenga shimo bila kuliimarisha, linafinywa na kuta zake. Wenye uwezo wanajenga karo la matofali. Wapangaji ndio wanaoumia. Nyumba ya vyumba vinane, familia nane, choo kimoja, na mwenye nyumba anakaa mtaa mwingine. Nyumba ya kwanza niliyopanga nikiwa msichana wa duka ilikuwa hivyo. Shimo lilipojaa tulimwambia mwenye nyumba. Akajibu tupunguze maji.

Tukasubiri mvua. Kila mtu wa uswahilini anajua mvua inasubiriwa kwa nini. Inaitwa kutapisha. Usiku mvua ikipiga, mtu anatoboa pembeni ya shimo au anafungua mfuniko, na mafuriko yanabeba yote kwenda kwa jirani wa chini, naye anatapisha kwenda kwa wa chini yake. Asubuhi mtaa mzima una harufu moja na hakuna aliyefanya. Watoto wanacheza kwenye mitaro. Siku hizo hizo presha ya bomba ikipungua, maji ya mtaroni yanapata njia ya kuingia palipovuja. Hivyo unaweza kuwa na maji ya Ihelele yaliyosafishwa vizuri kabisa na bado ukaugua. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 kipindupindu kiliwapitia watu wa Shinyanga, Mwanza na Simiyu, mikoa ambayo ziwa liko mlangoni au bomba lake limefika.

Angalia jina la mamlaka zetu za maji, nchi nzima: Majisafi na Usafi wa Mazingira. Nusu ya kwanza ya jina ina dira, ina msoma dira, ina ankara kwenye simu, ina kijana wa kuja kukata usipolipa. Nusu ya pili ina gari la kunyonya maji taka, ukiliita likapatikana, likapita kwenye uchochoro wenu, na mkawa na hela ya kulilipa kwa mkupuo. Mama analipa maji kidogo kidogo kila mwezi. Choo anatakiwa akilipe chote siku moja, siku ambayo tayari kimefurika. Nani anaweka akiba ya choo?

Siwaambii jamaa zangu tuchimbe mtandao wa mabomba ya maji taka mpaka mitaa ya Mwasele na Kitangili kesho asubuhi. Gharama yake ni kubwa, na mabomba hayo yanahitaji maji mengi ya kusukuma. Kilichonifumbua macho hapa si mtambo wao mpya wa Sulkavuori, ingawa unastahili kutazamwa: wametoboa mwamba kama wachimbaji wa Geita, na ndani yake wameweka mavi ya miji sita. Kilichonifumbua macho ni huussi.

Huussi ni choo cha shimo. Wafini wana nyumba za mapumziko laki 5 hivi kandokando ya maziwa na misituni, na nyingi choo chake ni kibanda cha mbao nje, kisicho na maji. Mara ya kwanza kualikwa nilidhani ninafanyiwa mzaha. Daktari, mwenye gari la umeme, ananielekeza kwenye kibanda chenye tundu! Ndani kuna ndoo ya mboji kavu iliyochanganywa na maranda ya mbao. Ukimaliza unatupia kopo moja juu. Harufu hakuna. Chombo cha chini kikijaa kinamwagwa kwenye lundo, kinakaa mwaka na zaidi, kinakuwa udongo wa kulishia miti ya matunda. Hapa Tampere kuna hata chama cha vyoo vikavu, kilianzishwa 2002, na kimewahi kuita mikutano ya watu wa dunia nzima kuzungumzia jambo hilo hilo bila aibu. Tampere na Mwanza ni miji rafiki tangu 1988, kwa hiyo mazungumzo haya si mageni kwenye Kanda yetu.

Daktari yule haoni soni kwa sababu anajua siku ya kumwaga ni lini na anayemwaga ni nani. (Ni yeye mwenyewe, kila majira ya kuchipua, amevaa mabuti.) Choo cha shimo si umaskini. Umaskini ni shimo lisilo na mwenyewe.

Na hakuna mahali ambapo mashimo hayana mwenyewe kama kwenye rashi za dhahabu. Mdogo wangu amezunguka Nyarugusu, Rwamgasa, Mwakitolyo, popote dhahabu ilipotajwa. Fununu ikitoka Jumatatu, Ijumaa pana maturubai elfu, mama lishe, karasha za kusaga mawe zinanguruma, baa mbili. Choo kinakuja mwisho, kikija. Maji yanaletwa kwa pikipiki na dumu linauzwa kwa bei ambayo mama angeigombea. Maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, yakifa yanajaa maji ya mvua. Mengine yanaogewa, mengine yanakuwa choo, na mgeni hajui lipi ni lipi. Kwenye mialo wanaosha mchanga kwa maji hayo hayo, wanakamata dhahabu kwa zebaki, wanaichoma kwenye kikaango nyuma ya nyumba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mdogo wangu anashika zebaki kwa vidole.

Pembeni ya rashi hizo, mgodi mkubwa wa Bulyanhulu ulijivutia bomba la ziwa tangu ulipoanza mwaka 2001. Mji wa Geita uko kilomita 20 hivi kutoka ziwani, na umekuwa ukihangaika na maji miaka yote hiyo. Sasa umo kwenye mradi wa miji 28 unaojengwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India. Halmashauri zinapokea ushuru wa huduma kutokana na mauzo ya migodi, na sheria inaitaka migodi iwajibike kwa jamii. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, na ni vyema. Ningependa kuona, kabla sijazeeka, kiongozi mmoja akikata utepe mbele ya gari la kunyonya maji taka, na bendi ikipiga.

Mwezi uliopita shimo la mama lilijaa, na masika yalikuwa mlangoni. Nilitaka kutuma hela ya gari. Mama akasema subiri kwanza, akaenda kwa majirani wawili ambao najua wazi nao walikuwa wakiingojea mvua. Sijui aliwaambia nini. Nashuku aliwasimulia ankara yangu. Wakapatana na mwenye gari aje safari moja kwa nyumba tatu, bei igawanywe, na wakakubaliana kuanzia sasa kila nyumba itoe elfu kadhaa kila mwezi, zikae kwa mama, kwenye kopo la maziwa ya unga.

Gari lilifika. Mpira haukufika, uchochoro ulikuwa mrefu. Ikabidi watoboe ukuta wa jirani wa mbele, ambaye hakuwa kwenye mchango, naye akadai na chake kinyonywe bure kama fidia ya tofali. Kikanyonywa. Mama amenitumia picha: mpira mnene umekatiza uani kwa watu, kuku wameruka juu ya kichanja, na yeye amesimama kando ya kidirisha cha dereva, pembe ya khanga puani, ananyoosha mkono kudai risiti.